Mwanafunzi wa uzamili Taita Taveta: swali la kwanza ni ardhi ya nani

Barua ya Chuo Kikuu cha Taita Taveta hubeba anwani ya sanduku la posta la Voi, na mgeni anayeshuka kwenye garimoshi la SGR mjini humo aweza kudhani amefika. Bado. Kampasi kuu iko upande wa Mwatate, mji ulio takriban kilomita 25 kutoka Voi katika barabara iendayo Taveta, ilhali kampasi ya Ngerenyi, inayohusishwa na masomo ya kilimo, iko juu vilimani. Matatu za Voi na Mwatate humaliza tatizo hilo kwa nauli ndogo.

Tatizo zito zaidi humpata mwanafunzi wa uzamili au uzamifu anayeamini kwamba akishasajiliwa, akapata kitambulisho na chumba cha kupanga, maandalizi yamekwisha. Katika kaunti hii ambayo sehemu kubwa ya ardhi ni hifadhi ya wanyama, ranchi, mashamba ya mkonge na machimbo ya vito, utafiti karibu wote hufanyika mlangoni pa mtu au taasisi fulani. Asiyeijua milango hiyo mapema hujikuta amelipa karo ya muhula mzima akisubiri ruhusa.

Chuo chenyewe ni kichanga. Kilianza kama kampasi ya Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, JKUAT, kikapandishwa hadhi kuwa chuo kishiriki mwaka 2011, na kukabidhiwa hati ya kuwa chuo kikuu kamili Oktoba 2016. Kinajulikana zaidi kwa masomo ya madini. Kituo chake cha CEMEREM, kinachoshughulikia uchimbaji madini, uhandisi wa mazingira na usimamizi wa rasilmali, kiliundwa kwa ushirikiano na vyuo vya Ujerumani vilivyoko Dresden na Freiberg, na kufadhiliwa kupitia DAAD, shirika la Ujerumani la mabadilishano ya kielimu.

Karo na msimamizi

Mwanafunzi aliyezoea maisha ya shahada ya kwanza hana budi kusahau baadhi ya mambo. Idara ya serikali inayowapangia wahitimu wa kidato cha nne nafasi vyuoni haimpangii mwanafunzi wa uzamili; yeye huomba moja kwa moja chuoni na hujitafutia karo. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, iliyoanzishwa mwaka 1995, ina mikopo ya uzamili na uzamifu, lakini maombi yake yana msimu, na msimu huo hauendi lazima sambamba na tarehe ya kufunguliwa kwa chuo. Anayefadhiliwa na mwajiri au na shirika la nje ahakikishe barua ya ufadhili inataja muda. Ufadhili wa miaka miwili huisha baada ya miaka miwili, iwe tasnifu imekamilika au la.

Aliyesomea nje ya Kenya hutakiwa shahada yake itambuliwe rasmi nchini, na raia wa kigeni huhitaji pasi ya mwanafunzi kutoka Idara ya Uhamiaji. Shughuli hizo mbili huanzishwa kabla ya safari, si baada yake.

Kuhusu msimamizi, kuna hesabu ambayo wanafunzi wengi hawaifanyi. Viwango vilivyotolewa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu mwaka 2014 vilimwekea mhadhiri wa kudumu kikomo cha wanafunzi watano wa uzamili na watatu wa uzamifu kwa mwaka mmoja. Katika chuo kidogo, idara yenye wahadhiri wachache wenye shahada ya uzamifu hujaa upesi. Kwa hiyo kumtafuta msimamizi baada ya kuchagua mada ni kuanza nyuma. Afadhali kuuliza kwanza ni nani aliye na nafasi na anafanyia utafiti gani, kisha mada itafutwe karibu na hapo. Mwanafunzi aliyeing'ang'ania mada isiyo na mhadhiri wa kuielewa huishia kuwa na msimamizi wa kutia saini tu.

Njia ya leseni

Utafiti nchini Kenya huhitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2013. Leseni hiyo huombwa kwa njia ya mtandao na hudumu mwaka mmoja, ikiweza kufanywa upya. Lakini haiombwi mikono mitupu. Pendekezo la utafiti lazima liwe limepita idarani na katika ofisi ya masomo ya uzamili, ndipo chuo kitoe barua ya kumtambulisha mwanafunzi. Utafiti unaohusu watu hupitia pia kamati ya maadili inayotambuliwa na NACOSTI, na kamati hizo hukutana kwa ratiba zao. Mtafiti mgeni huhitaji kuwa chini ya taasisi ya Kenya.

Leseni ikipatikana, mtafiti huripoti katika ofisi za kaunti kabla ya kuanza kazi. Kisha hushuka hadi kwa chifu na naibu wake. Hatua hii ya mwisho hudharauliwa na wasomi wengi, na ndiyo inayowarudisha mbio: wanakijiji wa Mbololo au Kasigau wakimwona mtu anazunguka na daftari, humuuliza chifu, na chifu akisema hamjui, hakuna leseni ya Nairobi itakayowafungulia vinywa.

Tangu Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, majina, nambari za simu na maelezo mengine ya wahojiwa si mali ya kubebwa ovyo katika simu ya mtafiti. Fomu ya ridhaa yafaa iandikwe kwa Kiswahili, na katika vijiji vya wazee wanaozungumza zaidi Kidawida, Kisaghala au Kitaveta, msaidizi anayeijua lugha hiyo atafutwe na kulipwa ipasavyo.

Milango ya Taita Taveta

Hadi hapo, mwanafunzi wa Voi hatofautiani na mwenzake wa Eldoret au Maseno. Tofauti huanzia kwenye ramani. Kaunti ya Taita Taveta ina ukubwa wa takriban kilomita mraba 17,000, na karibu asilimia 62 yake imo ndani ya hifadhi za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, zilizotengwa mwaka 1948. Watu 340,671 waliohesabiwa katika sensa ya mwaka 2019 wanaishi katika sehemu iliyosalia, na hata hiyo si yote ya vijiji.

Anayetaka kuchunguza ndovu, nyani, nyasi za mbugani au jambo lolote linalogusa wanyamapori huongeza mlango mwingine: Taasisi ya Utafiti na Mafunzo ya Wanyamapori, yenye makao yake Naivasha, iliyoundwa kufuatia sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013. Kuingia hifadhini huendelea kuwa chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Ruhusa ya taasisi moja haichukui nafasi ya nyingine.

Nje ya hifadhi kuna ranchi. Baadhi ni za kampuni, nyingine za makundi ya wanahisa wenyeji, na wakurugenzi wao ndio wenye kauli. Katika ukanda wa Kasigau, kati ya hifadhi hizo mbili, baadhi ya ranchi zimo katika mradi wa kuhifadhi misitu ambao mwaka 2011 ulikuwa wa kwanza duniani wa aina yake kutoa hati za hewa ya kaboni chini ya kiwango cha VCS. Umaarufu huo umewavuta watafiti, na mwanafunzi anayekuja kuuliza maswali kuhusu mapato ya kaboni asistaajabu akiulizwa yeye kwanza: walioandika kabla yako walituletea nini?

Vilimani hali ni nyingine. Misitu ya Taita ni vipande vidogo vilivyobaki juu ya mashamba. Ngangao, mmojawapo wa mikubwa, una takriban hekta 120 tu. Humo mna viumbe wasiopatikana kwingineko duniani, wakiwemo ndege wawili wa Taita, na katika Mlima Mbololo kuna ua la urujuani la jamii ya Saintpaulia. Misitu iliyotangazwa rasmi husimamiwa na Huduma ya Misitu ya Kenya, kwa hiyo mwanafunzi wa mimea hubisha hodi huko. Mingine midogo ni fighi, yaani mahali pa matambiko pa Wadawida, na hapo mwenye ufunguo ni mzee wa ukoo. Vivyo hivyo kwa mapango yaliyohifadhiwa mafuvu ya mababu. Anayetaka kuchimbua mabaki ya kale hubanwa zaidi na Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006, ambayo inadai leseni ya pekee.

Machimbo ndiyo yanayotaka tahadhari kubwa kuliko yote. Tsavorite, kito cha kijani kilichopewa jina la Tsavo, kilianza kuchimbwa upande wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970 baada ya mwanajiolojia Campbell Bridges kukigundua kwanza Tanzania mwaka 1967. Bridges mwenyewe aliuawa karibu na Voi Agosti 2009, katika mzozo uliohusu machimbo yake. Tangu hapo Sheria ya Madini ya mwaka 2016 imeleta vibali vya wachimbaji wadogo, lakini shaka kuhusu nani anamiliki shimo gani haikufutwa na karatasi. Mwanafunzi anayefika machimboni na GPS bila kutambulishwa anaweza kudhaniwa ni mpelelezi wa mwekezaji. Aende na mtu anayejulikana, aseme wazi anatafuta nini, na asiondoke na jiwe hata moja bila ruhusa. Anayekusudia kupeleka sampuli katika maabara za Ujerumani akumbuke kwamba sheria hiyohiyo inadai kibali cha kusafirisha madini nje ya nchi.

Wapi pa kukaa, lini pa kuanza

Uchaguzi wa makazi wapasa ufuate utafiti, hasa baada ya masomo ya darasani kuisha. Voi ina joto, mabenki, garimoshi na mabasi ya barabara kuu ya Nairobi na Mombasa. Humfaa mtafiti wa Tsavo, Sagalla na Kasigau. Mwatate iko karibu na kampasi na karibu na mashamba ya mkonge. Wundanyi, yenye baridi ambayo mtu wa pwani hulazimika kuinunulia sweta, ndiyo mahali pa mwenye kazi ya misitu na kilimo cha vilimani. Kabla ya kulipa kodi ya nyumba, swali moja linatosha: maji hutoka siku ngapi kwa wiki? Na anayepanga pembezoni mwa mji, karibu na vichaka, asitembee usiku. Ndovu hutoka hifadhini na kufika kwenye makazi.

Kisha kuna mvua. Mvua za masika hunyesha kati ya Machi na Mei, na za vuli kati ya Oktoba na Desemba. Katika nyanda za chini wakulima huzitegemea zaidi za vuli. Mwanafunzi wa miaka miwili anayesajiliwa Septemba ana misimu miwili tu ya vuli. Ule wa kwanza humkuta darasani. Ili aupate wa pili, leseni inapaswa kuwa mkononi kufikia Septemba ya mwaka wa pili, maana yake pendekezo liwe limepitishwa kufikia Aprili au Mei, na barua za ranchi, msitu au machimbo zianze kutafutwa hata kabla ya hapo. Leseni ikitoka Januari, mtafiti wa mahindi, malisho au ndovu wavamizi wa mashamba huwa amebakiwa na masika, au asubiri hadi Oktoba nyingine kwa karo ya ziada.

Kazi ikimalizika, nakala ya ripoti hupelekwa NACOSTI, kama masharti ya leseni yanavyodai. Hakuna sharti linalomlazimu mtafiti kupeleka kurasa mbili za Kiswahili kwa chifu na wenye ranchi waliomfungulia lango, lakini mwanafunzi atakayebisha hodi mwaka unaofuata ataulizwa kama zilifika.