Mlipuko Kwenye Ekzosi

Masaki ninayoizungumzia si ile ya ufukweni Dar es Salaam. Ni ya Kisarawe, kwenye barabara ya Maneromango, nchi ya mikorosho na mchanga.

Katika barabara za namna hii Tanzania nzima, Land Rover iliyozinduliwa mwaka 1948 na Peugeot 404 ya mwaka 1960 zilijenga kizazi cha mafundi wa masikio. Gari halikuwa na kompyuta ya kuulizwa. Injini ikitoa mlio wa mlipuko, fundi alisikiliza kwanza unatokea wapi.

Ukitokea kwenye kabureta, alishuku mchanganyiko wenye petroli kidogo mno, moto unaowahi, au vali ya kuingiza isiyofunga. Ukitokea kwenye ekzosi, alishuku moto unaochelewa, plagi isiyochoma, au bomba lililotoboka na kuvuta hewa. Nyaya za plagi zikibadilishana nafasi, injini hulipuka ovyo. Mpangilio wa kuwaka kwa silinda katika injini za silinda nne za magari hayo mawili ni 1-3-4-2.

Lakini mshukiwa mkuu alikuwa platini, ncha mbili ndani ya distributa zinazokata umeme ili plagi ichome. Fundi alifungua kifuniko cha distributa, akazisugua ncha zilizoungua kwa msasa laini, akazungusha injini mpaka zikaachana kabisa, kisha akapima mwanya: takribani milimita 0.4. Kazi ya dakika chache, yenye kuhitaji mkono mtulivu sana.

Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha mfululizo 1966, 1967 na 1968, ikiwa na platini zilezile.