Dirisha la msaada limekuziba kazi? Lidhibiti kwa kibodi



Hapa kwetu Mbezi Luis, kwenye kafe na steshenari za karibu na stendi ya Magufuli, naona vijana wengi wanaandika CV na barua za maombi ya kazi. Muda wa mashine unalipiwa, mausi imechoka, na mwisho wa kutuma maombi ni leo. Mara kidole kinagusa F1... dirisha la msaada hilo hapo! Nimeshuhudia jamaa akifunga Word nzima akidhani anafunga msaada. Alipoulizwa kama ahifadhi, akabonyeza hapana. Barua ikaenda na maji.

Kwa nini F1 inagusika ovyo? Iko jirani na Esc, na upande wa pili iko F2 ambayo kwenye Excel ndiyo ya kurekebisha kilichomo kwenye kisanduku. Kidole kikiteleza kidogo tu, umeita msaada. Kwenye laptop nyingi F1 imepewa kazi nyingine, mfano sauti, kwa hiyo ukiutaka msaada bonyeza Fn+F1.

Haya, twende kazi:

1. Ctrl+S. Hifadhi kwanza, mengine baadaye. Kama umeshahamia kwenye msaada, rudi kwenye kazi yako ndipo uhifadhi.

2. Alt+Tab. Inakuhamisha kati ya madirisha. Shika Alt, gonga Tab mpaka ufike unapotaka, achia. Huna haja ya kufunga msaada kama bado unausoma.

3. Windows+mshale wa kushoto au kulia. Kuanzia Windows 7 (2009) inabandika dirisha nusu ya skrini. Msaada upande huu, barua upande ule, unasoma huku unafanya.

4. Alt+F4. Inafunga dirisha ulilopo. Hapa ndipo watu wanaumia! Angalia jina lililo juu ya dirisha kabla hujabonyeza.

5. F6. Kwenye Word za siku hizi msaada hautoki kama dirisha la peke yake, unakaa pembeni ndani ya Word hiyo hiyo. Ukipiga Alt+F4 unaifunga Word yenyewe. Bonyeza F6, rudia mpaka ufike kwenye msaada, kisha Ctrl+Space na uchague kufunga.

6. Ctrl+W. Kwenye Windows 10 na 11, ukibonyeza F1 ukiwa kwenye desktop, inafungua brauza na kwenda mtandaoni. Kama unatumia bando lako, linaliwa. Funga ukurasa huo mmoja kwa Ctrl+W. Ukitumia Alt+F4 brauza nzima inaondoka, pamoja na fomu ya ajira uliyojaza nusu.

Kwa wenye mashine za kizamani, zile programu ambazo msaada wake una orodha kushoto na maelezo kulia: F6 inakuvusha upande mmoja kwenda mwingine, Alt+S inafungua sehemu ya kutafuta, Alt+C yaliyomo, na Alt+mshale wa kushoto inarudisha ukurasa uliopita. Ila kama mashine ni ya XP, Microsoft waliacha kuihudumia Aprili 2014, usiingize nywila yako humo.

Kikwazo kingine ni lugha, maana msaada mwingi ni Kiingereza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilitoa Jambo OpenOffice ya Kiswahili mwaka 2004, kwa hiyo inawezekana kabisa. Kwa wanaotumia LibreOffice leo, jaribu Shift+F1, kisha elekeza mausi kwenye kitufe, utapata maelezo mafupi bila dirisha kubwa.

Kama ni mengi, shika matatu tu: Ctrl+S, Alt+Tab, na kuangalia jina la dirisha kabla ya Alt+F4. Hayo yanatosha kuokoa barua yako.

Mwenye njia nyingine atupie hapo chini, tunajifunza wote.