Mashine ya samaki ikizima katikati ya Jipe, nani ataitengeneza?

Wiki iliyopita binamu yangu alipanda hadi huku Mghange na mashine ya kutafuta samaki ndani ya mfuko wa unga. Alikuwa ameinunua pamoja na kayak ya plastiki, vyote vimetumika Mombasa, akavishusha Ziwa Jipe akidhani ataona tilapia kwenye skrini kama anaangalia TV. Skrini ikawaka, ikaandika kina sufuri, ikazima. Ikawaka tena, ikazima tena. Na Jipe si mahali pa kukaa umeinama ukibonyeza vitufe, kuna viboko na mamba pale. Akapiga kasia akarudi.

Tulipoifungua tulikuta mambo matatu. Pini za plagi zilikuwa kijani kwa kutu ya chumvi. Waya wa betri ulikuwa mwembamba kama wa redio, kwa hivyo kila skrini ikitaka moto zaidi, umeme unashuka na mashine inajizima. Halafu lile jicho la sauti lilikuwa limegundishwa ndani ya kayak na gundi yenye povu. Jicho hilo hutuma mlio, mlio unagonga chini na kurudi, mashine inahesabu muda. Mlio ukikutana na hewa unarudi hapo hapo. Kiputo kimoja tu na mashine ni kipofu.

Najua mtasema anunue mpya. Lakini mimi hii shida imenipeleka kwenye historia, na historia inanipa picha tofauti.

Titanic ilizama 1912, na miaka miwili baadaye Reginald Fessenden akaonyesha baharini kwamba mlio unaweza kugonga siwa barafu na kurudi. Vita vikaja, teknolojia ikaenda kuwinda nyambizi. Samaki walingoja mpaka 1948, pale ndugu wawili wa familia ya Furuno, kule Nagasaki, Japani, walipoanza kuuza mashine ya kwanza ya kibiashara ya kutafuta samaki. Hawa hawakuwa maprofesa. Walikuwa mafundi wa umeme wa mashua, watu wa kutengeneza taa na redio bandarini. Mashine zao za mwanzo zilisumbua na wavuvi hawakuziamini. Kilichobadilisha mambo ni kwamba walipanda mashua wenyewe, wakavua na wavuvi wa visiwa vya Goto, wakaona mashine inakosea wapi. Yaani fundi alikuwa ndani ya mashua.

Sasa rudi kwetu. Kwa wavuvi wengi wa Afrika Mashariki, kifaa kilichobadilisha usiku ni taa, wala si hii mashine ya mlio. Kule Tanganyika wavuvi wa dagaa walikuwa wakiwasha mienge ya kuni na kuchota samaki kwa wavu wa lusenga. Kisha ikaja taa ya presha ya mafuta, ile ambayo Watanzania wanaiita karabai. Victoria nayo ikaichukua kwa omena: usiku usio na mwezi unaweka taa juu ya maji, wadudu wadogo wanafuata mwanga, omena wanawafuata wadudu, wewe unazungusha wavu.

Karabai ilikuwa na kero zote unazozijua. Inakula mafuta ya taa na mafuta yanakula mapato ya mvuvi. Upepo, joto, kioo kupasuka. Lakini miaka na miaka haikutoka ziwani, na mimi naona sababu si ushamba wa wavuvi kama wengine wanavyopenda kuandika. Sababu ni kwamba kile kisoksi cheupe kinachong'aa kiliuzwa dukani pale ufukweni. Sindano ikiziba unaizibua. Ngozi ya pampu ikichakaa unakata nyingine. Taa iliyokufa saa mbili usiku inaweza kufufuka saa mbili na nusu, mashua ikiwa bado majini.

Taa za LED na betri zikaja na ahadi kubwa, na ahadi yenyewe ni ya kweli: mwanga bila mafuta. Ila ya bei rahisi imefungwa kwa gundi, haina skrubu. Maji yakiingia, kwisha. Betri ya risasi ukiiacha imeisha chaji siku kadhaa, sahani zake zinaota chumvi ngumu na hairudi tena kuwa betri. Usiku mmoja bila taa ni usiku mmoja bila omena, na kesho huyo mvuvi hatamwambia jirani "taa yangu ilikuwa ya bei rahisi". Atasema sola ni uongo. Taa mbovu inaua soko la taa nzuri. Hata Benki ya Dunia ililijua hilo: mpango wa Lighting Africa ulioanza 2007 uliweka kupima ubora wa taa kuwa kazi yake kubwa.

Mbita, 2008, Osram ilijaribu njia ambayo mimi naipenda. Ilifungua kituo cha kuchaji kwa sola, mvuvi anachukua taa na betri kwa kulipia, asubuhi anarudisha. Ona ujanja hapo: betri ikifa, ni mzigo wa kituo, si wa mvuvi. Fundi yuko ndani ya bei.

Ndiyo maana nikisikia mradi wowote wa uchumi wa buluu unataka kugawia wavuvi vifaa vya kisasa, swali langu ni moja. Fundi anakaa wapi? Akikaa Nairobi, hivyo vifaa vitaishia kwenye mifuko ya unga kama hiki cha binamu.

Ya binamu tuliiponya. Pini tulizisugua kwa ndimu na mswaki, tukaweka waya mnene na fyuzi, jicho tukaling'oa na kuligundisha upya polepole bila povu. Akarudi Jipe. Shida ni kwamba ziwa lenyewe halifiki mita 3, na jicho la aina yake, kwa maji ya mita 2, linaona duara la kama sentimita 70 tu chini ya kayak. Amenitumia picha: kina mita 1.9, samaki hakuna. Mzee mmoja aliyekuwa kwenye mtumbwi pembeni ya magugu alipima kwa mti wake akapata hivyo hivyo, na yeye alikuwa na tilapia sita.