Ardhi Iliyo Chini ya Nyaya: Kwa Nini Mwingiliano wa Njia Sambamba za Umeme Upimwe

Chekalini, wadi ya Lugari katika Kaunti ya Kakamega, iko kati ya Lessos na Musaga, kwenye ukanda wa njia za umeme unaoendelea hadi Tororo, Uganda. Umeme wa bwawa la Owen Falls ulianza kuingia Kenya kupitia ukanda huu mwaka 1958, kwa kilovolti 132. Baadaye ikaja njia nyingine ya Lessos na Tororo, iliyojengwa kwa kiwango cha kilovolti 400. Popote njia mbili zinapokwenda sambamba, mkondo wa moja huzusha volteji katika jirani yake. Nashikilia kwamba kiasi cha mwingiliano huo kipimwe kwenye nyaya zenyewe. Hesabu ya mezani haitoshi.

Siku ya kawaida athari ni ndogo, kwa kuwa mikondo ya fezi tatu hukaribia kufutana. Lakini radi ikipiga, na magharibi mwa Kenya radi ni nyingi, fezi moja huweza kushika ardhi, mkondo ukarudi kupitia udongo na waya wa juu wa kukinga radi. Kufutana kunakoma. Rilei ya umbali, kifaa kinachokinga njia, hukadiria mahali pa hitilafu kwa kugawanya volteji kwa mkondo, na hapo hupotoka. Njia zote mbili zikipeleka mkondo wa hitilafu upande mmoja, rilei huiona hitilafu iko mbali kuliko ilivyo. Njia jirani ikiwa imezimwa na kufungwa ethi ncha zote mbili, huiona karibu mno, na inaweza kukata njia nzima kwa hitilafu isiyo yake. Kwa kawaida kanda ya kwanza ya rilei, ile inayokata bila kusubiri, huwekwa kwenye asilimia 80 hadi 85 ya urefu wa njia ili ibaki nafasi ya makosa. Mwingiliano usiojulikana huila nafasi hiyo.

Wapo watakaosema hesabu ilikwisha kupatikana tangu 1926, John R. Carson alipoonyesha jinsi mkondo unavyorudi ardhini. Kanuni yake ni imara. Udhaifu uko katika namba tunayoipa: ukinzani mahususi wa ardhi. Mazoea ni kuandika omu-mita 100 na kuendelea na kazi. Kwa hezi 50, namba hiyo huupa mkondo wa kurudi kina linganifu cha mita 930 hivi, na kwa njia zilizoachana mita 30, riaktansi ya mwingiliano ya mfuatano sifuri (yaani kwa mkondo ulio sawa katika fezi zote tatu) huwa takriban omu 0.65 kwa kilomita. Andika omu-mita 1,000, na kina hufika karibu mita 2,940, riaktansi omu 0.86. Ni ongezeko la theluthi nzima, na hakuna waya hata mmoja uliosogezwa.

Ukubwa wa kina hicho unajibu pia dai ninalolisikia mara kwa mara, kwamba kipimo cha kiangazi hakifai masika. Mvua hulowesha mita chache za juu za shamba la mahindi. Mkondo wa hezi 50 husambaa mamia ya mita chini, kwa hiyo kinachoamua ni mwamba. Na mwamba haubaki mmoja: njia huanzia kwenye lava ya uwanda wa Uasin Gishu, kisha hushuka kuelekea miamba ya kale zaidi ya magharibi. Namba moja ya kukisia haiwezi kuwakilisha safari yote hiyo.

Kipimo chenyewe hakina fumbo. Njia zote mbili huzimwa na kufungwa ethi ncha ya mbali. Fezi tatu za njia ya kwanza huunganishwa na kulishwa mkondo unaorudi ardhini, kisha volteji husomwa kati ya ardhi na fezi tatu za njia ya pili, nazo zikiwa zimeunganishwa. Gawanya volteji kwa mkondo, zidisha kwa tatu. Kwa kuwa njia nyingine zilizo hai huchafua masomo ya hezi 50, mkondo hupelekwa kwa masafa ya pembeni, mfano hezi 30 na 70, na jibu la 50 likatafutwa katikati. Fundi asishike ncha yoyote kabla ya ethi kufungwa: njia iliyozimwa kando ya iliyo hai inaweza kuua.

Gharama kubwa ni kuzima njia mbili kwa pamoja, tena zinazovuka mpaka. Kwa sababu hiyo wakati mwafaka ni kabla njia mpya haijawashwa, huku ya zamani ikizimwa kwa saa chache tu. Kwa njia ambazo tayari ziko hai, kipimo kiingizwe katika ratiba ya matengenezo ambayo Kenya na Uganda hulazimika kukubaliana hata hivyo.