Dawa ya Jiji Ilipopelekwa Vijijini

Katika miaka ya 1950, mtoto wa Kihindi aliyeanza shule Nairobi alizungukwa na lugha nyingi. Nyumbani alisikia Kigujarati au Kipunjabi, kwa jirani Kiurdu, sokoni Kiswahili. Shule za Waasia zilimpokea kwa lugha mojawapo ya Bara Hindi, kisha baada ya miaka michache zikamhamishia Kiingereza, na wengi walikwama kwenye kivuko hicho.

Mwaka 1957 serikali ya kikoloni ilifungua Kituo Maalumu jijini ili kutafuta njia. Jibu lilikuwa fupi: mtoto aanze na Kiingereza tangu siku ya kwanza. Mpango huo, uliojulikana kwa herufi NPA, ulikuja na mambo mazuri mengine. Walimu walipigwa msasa, watoto wakakaa kwa vikundi, wakashika vitu na kutazama picha badala ya kuitikia kwa pamoja yale aliyosema mwalimu. Vitabu vya Peak, ambavyo Wakenya wengi wa makamo wanavikumbuka, vilizaliwa humo. Madarasa hayo ya kwanza yalifanya vizuri, na sifa zote zikapewa Kiingereza, ilhali vifaa na walimu walioandaliwa vilistahili fungu lao.

Kwa watoto wa Kiafrika, jibu tofauti lilikuwa limeshatolewa zamani. Tume ya Phelps-Stokes, iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924 ikiwa na James Aggrey wa Gold Coast miongoni mwa wajumbe wake, ilishauri madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya wenyeji, lugha ya Ulaya ingoje madarasa ya juu, na kati yake, palipokutana makabila, itumike lugha ya Kiafrika inayowaunganisha. Mwaka uliofuata ilianzishwa Jeanes School huko Kabete, upande wa magharibi wa jiji, kuwaandaa walimu wa kusimamia shule za vijijini. Mkuu wake wa kwanza, James Dougall, alikuwa katibu wa tume hiyohiyo. Leo mahali hapo pana Chuo cha Serikali cha Kenya.

Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni mwaka 1952 ilibadili mambo. Shule huru za Wakikuyu zilifungwa au kuwekwa chini ya serikali. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyesoma Limuru kisha Alliance, mbele kidogo ya Kabete, alieleza jinsi mtoto aliyesikika akisema Kikuyu shuleni alivyokabidhiwa kidude, naye akamtafuta mwenzake wa kumpokeza. Jioni wote waliokishika walichapwa. Watoto walifundishwa kuwindana kwa sababu ya lugha ya mama zao.

Uhuru ulipopatikana, Tume ya Ominde ya 1964 iliunga mkono Kiingereza kuanzia darasa la kwanza. Lugha za mama ziliachiwa kipindi kimoja kwa siku, cha hadithi. Hapo ndipo dawa iliyotengenezewa jiji lenye mchanganyiko wa lugha ilipobebwa hadi vijiji ambako mwalimu na watoto wake wote walizungumza lugha moja. Mipango ilisambaa kwa kasi kuliko vitabu na kuliko walimu waliofunzwa. Watoto wakarudi palepale pa kuitikia kwa pamoja, safari hii kwa maneno wasiyoyaelewa.

Mwaka 1976 Kamati ya Gachathi ilijaribu kurekebisha. Ilipendekeza lugha ya eneo la shule kwa miaka mitatu ya kwanza, na Kiswahili palipo na mchanganyiko. Taasisi ya Elimu ikatoa vitabu vya *Tujifunze Kusoma Kikwetu*. Nchini Nigeria, mradi wa Ife ulikuwa umeanza mwaka 1970 kufundisha watoto masomo ya msingi kwa Kiyoruba kwa miaka sita mizima, Kiingereza kikiwa somo tu. Kenya haikuthubutu kwenda mbali hivyo, na hata ile miaka mitatu ilipuuzwa katika shule nyingi, kwa kuwa wazazi walipima shule kwa Kiingereza cha mtoto.

Mtaala wa umilisi, ulioenea nchini mwaka 2019, umerejesha lugha za asili katika madarasa ya chini, na shule za mijini hutumia Kiswahili. Katika mitaa ya Nairobi kama Kangemi na Kawangware, wanakokaa Waluhya, Wakikuyu, Waluo na Wakamba mlango kwa mlango, mwalimu wa hesabu hakungoja waraka. Akiona nyuso zimeganda kwenye kutoa kwa kukopa, huacha sentensi ya Kiingereza katikati na kusema: "Ukiwa na shilingi tatu na mandazi ni tano, utamkopa nani?" Mikono hupanda. Kisha huifuta hesabu ubaoni na kuiandika upya kwa Kiingereza, kwa sababu karatasi ya mtihani wa gredi ya sita itamfikia mtoto kwa lugha hiyo.