Umepiga keto, halafu Jumamosi kuna harusi: mwongozo wa kujiachia kwa mpango



Tangu keto iingie mjini kupitia makundi ya WhatsApp, swali ninaloulizwa sana hapa Tunduma siyo "nile nini". Hilo watu wameshalijua: mayai, nyama, parachichi, mboga za majani, basi. Swali ni "Jumamosi kuna harusi Vwawa, nifanyeje?" Au Krismasi. Au Idi. Au mama mkwe kaja kutoka Ileje na mkungu wa ndizi kichwani.

Mimi nimefuata mlo huu kwa vipindi, na nyumbani kwetu sukari ni ugonjwa wa ukoo, kwa hiyo nimelazimika kuusoma vizuri. Nimepanga mambo kwa vichwa ili hata wewe ambaye muda wako wa kafe unaisha upate unachotaka haraka.

KETO NI KITU GANI HASA

Kwa kifupi, ni mlo wa mafuta mengi, protini ya wastani na wanga kidogo sana, kati ya gramu 20 na 50 kwa siku. Mwili ukikosa wanga, ini linaanza kugeuza mafuta kuwa kitu kinachoitwa ketoni, na mwili unatumia hizo kama kuni mbadala.

Mlo huu haukubuniwa kwa ajili ya kupunguza kitambi. Mwaka 1921 daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, aliupendekeza kwa wagonjwa wa kifafa. Ilikuwa inajulikana kwamba mgonjwa akifunga kula, degedege hupungua. Lakini mtu hawezi kufunga milele, hivyo wakatafuta mlo unaouiga mwili uliofunga. Mambo ya uzito na sukari yalikuja baadaye. Kumbuka hilo, maana kuna watu ambao kwao kujiachia hakupo kabisa, nitawataja chini.

HESABU ZA MEZANI

Songwe ni mkoa wa mahindi. Mbozi inalima, Momba inalima, na mpunga unatoka Kamsamba. Ukivuka mpaka kwenda Nakonde ugali unaitwa nshima, jina limebadilika tu, wanga ni ule ule. Yaani kupiga keto huku ni kuogelea kinyume na mto. Kwa hiyo lazima ujue namba. Hizi ni za makadirio, kwa gramu za wanga:

- Ugali wa mtu mmoja (unga gramu 125 hivi): 90 au zaidi
- Wali uliopikwa, sahani ya gramu 250: kama 70
- Chips kavu, sahani moja: zaidi ya 60
- Chapati moja: 35 hadi 45
- Andazi moja: 20 hadi 30
- Ndizi mbivu moja: kama 25
- Soda ya mililita 350: 35 hadi 40
- Bia ya mililita 500: 15 hadi 20
- Chai yenye vijiko vidogo 3 vya sukari: 12
- Nusu parachichi, ukiondoa nyuzinyuzi: kama 2
- Mayai mawili: chini ya 2
- Nyama, samaki, dagaa: karibu sifuri

Umeona? Sahani moja ya ugali ni wanga wa karibu siku mbili au zaidi za keto. Soda moja peke yake inaweza kumaliza siku nzima. Ndiyo maana "nimeonja kidogo tu" huwa siyo kidogo.

UKIJIACHIA KUNATOKEA NINI MWILINI

*Uzito unapanda haraka.* Hapa ndipo wengi wanakata tamaa. Unapanda mzani Jumatatu, kilo mbili zimerudi! Tulia. Mwili huhifadhi wanga kwenye ini na misuli kama glikojeni, na kila gramu ya glikojeni hukaa na kama gramu 3 za maji. Ukiwa kwenye keto akiba hiyo hupungua sana, ukila pilau inajazwa upya, na maji yanarudi nayo. Sehemu kubwa ya kilo hizo ni maji, siyo mafuta.

*Ketoni zinazimika.* Kurudi kwenye hali ya keto huchukua siku 1 hadi 3 kwa wengi, na wengine zaidi. Inategemea umekula kiasi gani na unautumikisha mwili kiasi gani.

*Sukari inaruka juu kuliko ulivyozoea.* Hili halisemwi sana kwenye makundi. Mwili uliokaa wiki bila wanga unakuwa mzito kidogo kushughulikia glukosi kwa muda. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, waliwapa vijana 9 wenye afya mlo wa mafuta mengi kwa siku 7, kisha kinywaji chenye gramu 75 za glukosi. Walikuta dalili kwamba kuta za mishipa ya damu ziliumia. Watu 9 ni wachache, siyo hukumu ya mwisho. Lakini inatosha kukwambia kwamba kujiachia siyo mchezo usio na gharama, hasa ukifanya mara kwa mara.

JINSI YA KUPANGA

1. *Chagua tukio, usichague hasira.* Harusi ya dada yako ni tukio. Bosi kukufokea siyo tukio. Ukila kwa sababu una msongo, hutaacha kwenye sahani moja.

2. *Mlo mmoja, siyo siku moja.* Ukisema "leo ni siku ya kula bata", utaanza na maandazi asubuhi na kumaliza na chips usiku wa manane. Sema "leo chakula cha jioni".

3. *Chagua kitu kimoja cha wanga.* Pilau, au keki, au ndizi, au bia. Siyo vyote. Jiulize kipi utakikumbuka kesho. Soda sidhani kama kuna mtu anaikumbuka.

4. *Anza na nyama na mboga, wanga uje mwisho.* Utafiti mdogo wa mwaka 2015 kwa watu wenye kisukari aina ya pili ulionyesha kwamba mpangilio huu unapunguza kupanda kwa sukari baada ya kula, hata kama chakula ni kile kile.

5. *Mlo huo punguza mafuta.* Mafuta mengi pamoja na wanga mwingi ndiyo kitambi chenyewe. Kama umeamua kula wali, usiumwagie rojo lote la mafuta.

6. *Usiende na njaa kali.* Watu wanafunga kutwa nzima ili "kuweka nafasi", wakifika ukumbini wanakula kama wametoka vitani. Kula mayai mawili nyumbani kabla.

7. *Pombe angalia sana.* Walio kwenye keto wengi wanasema inawashika haraka. Konyagi yenyewe haina wanga, ila soda unayochanganyia inao. Komoni ni nafaka, hivyo hesabu kama chakula.

8. *Baada ya kula, tembea.* Dakika 15 zinatosha kuisaidia misuli kuchukua sukari. Au ingia ukumbini ucheze muziki, ni mazoezi pia.

9. *Mlo unaofuata rudi kwenye mstari.* Usijiadhibu kwa kushinda njaa siku tatu. Ukijisikia kichwa kizito siku ya kwanza au ya pili, kunywa maji na supu yenye chumvi kidogo. Wenye presha, chumvi waulizeni wahudumu wenu kwanza.

MBELE ZA WATU

Hapa kuna shida ambayo vitabu vya wazungu haviiandiki. Kwetu kukataa chakula ni kumkataa aliyepika. Tena mtu akikonda ghafla, mtaa mzima unaanza kunong'ona "jamaa anaumwa yule". Mji wa mpakani huu, mnajua wenyewe maneno yanavyosafiri.

Usianze kutoa mhadhara wa ketoni mbele ya mama mkwe. Sema hivi: "Mama, naomba ugali unipunguzie, mboga uniongezee." Hakuna mama anayechukia kuombwa mboga. Ukifika msibani, chukua tonge mbili za heshima, ule na wenzako, habari iishe. Tonge mbili hazijaua keto ya mtu. Ukialikwa Nakonde, omba ifisashi, zile mboga za majani zilizoungwa kwa karanga, na nyama pembeni. Kwa wanaokula kitimoto, hiyo ni keto tayari. Zile ndizi za kukaanga zinazokuja nayo ndizo za kuziachia wenzako.

WASIOPASWA KUJARIBU BILA DAKTARI

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 9.1 ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari. Maana yake kwenye kila meza ya harusi ya watu kumi, anaweza kuwepo mmoja. Kwa hiyo someni hapa hata kama ninyi wenyewe ni wazima.

Mjomba wangu anatumia glibenclamide. Alisikia habari za keto, akaacha ugali wiki tatu bila kuwaambia kliniki, dozi ikabaki ile ile. Ikaja harusi, akapanga kula pilau. Kadi ilisema chakula saa moja usiku, akameza kidonge saa kumi na mbili na nusu kama alivyozoea, kabla ya kula. Si mnajua ratiba zetu? Utambulisho, keki, zawadi, kamati. Chakula kilitoka saa nne na nusu. Kufikia saa tatu alikuwa analowa jasho, anatetemeka, anaongea maneno yasiyoeleweka. Meza nzima ikacheka kwamba mzee kalewa. Mjomba hanywi pombe. Aliyemwokoa ni shangazi, alimnywesha soda, ya sukari, siyo ile ya "zero". Robo saa baadaye mtu akaanza kurudi.

Kidonge kile kinalilazimisha kongosho kutoa insulini, uwe umekula au hujala. Ukipunguza wanga bila kupunguziwa dozi, sukari inaweza kuanguka. Hivyo hawa wote waanze na daktari, kwa keto yenyewe na kwa kujiachia:

- Wanaotumia insulini, glibenclamide, gliclazide na dawa za jamii hiyo.
- Wanaotumia dapagliflozin au empagliflozin. Hizi pamoja na keto zinaweza kuleta sumu ya asidi kwenye damu hata kama kipimo cha sukari kinaonekana kizuri.
- Wenye kisukari aina ya kwanza, wajawazito, wanaonyonyesha, wenye matatizo ya figo au ini.
- Waliowahi kuwa na tabia ya kula bila kujizuia na kisha kujitapisha. Kwenu "kujiachia kwa mpango" kunaweza kuamsha ugonjwa.
- Watoto waliowekwa kwenye keto hospitali kwa ajili ya kifafa. Kwao pipi moja inaweza kurudisha degedege. Hakuna sikukuu.

UKIONA DALILI ZA SUKARI KUSHUKA

Jasho la baridi, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, kuchanganyikiwa. Kama kipimo kipo, chini ya 4 ni hatari. Mpe vijiko vidogo 3 au 4 vya sukari kwenye maji, au nusu soda ya kawaida. Subiri dakika 15, kama hajakaa sawa rudia. Akipata nafuu ale chakula. Akizimia USIMWEKEE kitu chochote mdomoni, mlaze ubavu, mkimbize hospitali.

Na kwenye sherehe, mwenye kisukari aulize jikoni chakula kinatoka saa ngapi kweli kweli. Saa ya kwenye kadi ni ya kadi.

JE, NIJIACHIE MARA NGAPI?

Fanya hesabu mwenyewe. Kurudi kwenye keto ni siku 1 hadi 3. Ukijiachia kila Jumamosi, siku 1 hadi 3 za kila wiki uko barabarani unarudi. Ukijiachia Jumamosi na Jumatano, muda mwingi unaweza usiwe kwenye keto, umejinyima tu chapati bure. Mimi napanga mara moja kwa wiki nne hadi sita, na kalenda ya sherehe ndiyo inaniongoza.

Na nisema kitu ambacho wauza programu za keto hawatakwambia. Ukiona kila wiki unahesabu siku za kuufikia ugali, unauota, unamnunia aliyepika, shida huenda siyo nidhamu yako. Mlo huo haukufai. Ruksa kuacha. Ugali nusu ya ule wa zamani, mboga mara mbili, soda hapana, andazi la sikukuu tu: huo mlo hauna jina la kizungu, lakini unaweza kuufuata miaka kumi ukiwa na watu wako mezani. Keto ya miezi miwili unayoiacha kwa kishindo na kurudisha kilo zote haikusaidii kitu.

Mzee wangu wa Vwawa, mwenye sukari pia, ameamua hivyo. Anakula ugali wa ngumi moja, kliniki wanajua, dozi imerekebishwa, na harusi anakwenda.

Nawakilisha. Mwenye nyongeza, hasa ninyi wahudumu wa afya, aweke hapo chini.