Bustani ya Nyumbani na Usiku wa Baridi: Funzo la Buteba

Msomaji akitajiwa baridi ya Buteba huenda akatabasamu. Sehemu hiyo ya Busia ya Uganda, mpakani mwa Kenya, i karibu na ikweta, wala jalidi si mgeni wake. Lakini bustani ya nyumbani haingoji jalidi ipate kudhurika. Usiku wenye baridi kali hudumaza miche ya nyanya na kuuchelewesha mgomba kutoa majani. Na nyumba inayotegemea bustani hiyo huiona hasara chunguni.

Tukichunguza asili ya mimea yetu tutafahamu sababu. Wimbi ni zao la kale la nyanda za Afrika Mashariki. Ndizi zilitoka Asia. Mihogo, mahindi na viazi vitamu vilitoka Amerika. Wageni hao wengi wamezaliwa katika joto, nasi tumewakaribisha chini ya Mlima Elgon, wenye urefu wa mita 4,321.

Hapa yafaa tuondoe kosa moja. Wengi hudhani kuwa hatari imo katika mawingu ya Julai. La! Wingu ni blanketi: huzuia joto la ardhi lisipotee. Usiku wa kuhofiwa ni ule wa kiangazi, Januari au Februari, mbingu zikiwa wazi, nyota zimemeta na upepo umetulia. Hapo ndipo ardhi hupoteza joto lake kwa haraka.

Januari 2012 ilithibitisha jambo hili. Katika nyanda za juu za Kericho na Nandi nchini Kenya, jalidi iliunguza mashamba makubwa ya chai. Chai hiyo ilikuwa zao moja, limetandazwa wazi chini ya mbingu. Bustani ya mchanganyiko, yenye migomba na miti juu, na maharagwe na mboga chini, hujitengenezea wingu lake. Na udongo wenye unyevu huhifadhi joto la mchana na kulitoa usiku.

Historia nayo ina neno. Mwaka 1902 Waingereza waliliondoa Jimbo la Mashariki kutoka Uganda na kulitia katika himaya iliyokuja kuwa Kenya. Wateso wakajikuta pande mbili za mpaka. Pamba nayo ikaja, ikadai mashamba ya zao moja. Lakini mbingu haikugawanywa, na bustani iliyo nyuma ya nyumba ilibaki kuwa ya mwenyewe, apande atakacho, apendavyo.

Basi sisi walimu, tunapowafundisha wanafunzi kulima bustani ya shule, tusikimbilie kukata kila mti ili mistari ipendeze macho. Wahenga walisema: mchumia juani hulia kivulini. Nasi twaongeza kuwa kivuli chenyewe, usiku wa baridi, ndicho kinachokilinda chakula.